Kufungasha Programu Huria Pamoja na Kazi Yako: Masuala ya Leseni

Programu ya kompyuta ya siku hizi ni nadra kuandikwa yote na mtu mmoja. Mwandishi huandika sehemu ile inayohusu shughuli yake, na sehemu nyingine, kama vile ile inayohifadhi kumbukumbu, ile inayochora ramani na ile inayopanga ukurasa wa kuchapishwa, huziazima kwa watu ambao huenda hatawaona maishani mwake. Vipande hivyo hupatikana bila malipo katika intaneti, na vingi huitwa programu huria. Neno "huria" limewapotosha vijana wengi, wakadhani kwamba kitu kilicho huria ni kitu kisicho na mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza wajibu unaoambatana na vipande hivyo pindi mtu anapovifungasha pamoja na kazi yake mwenyewe na kumkabidhi mtu mwingine, awe ni mnunuzi, shule, au chama cha ushirika.

Vipande vingi katika mfumo mmoja

Tuangalie kwanza mfano ulio karibu nasi. Katika zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Katavi, tangu Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Inyonga wilayani Mlele, wahudumu hujaza vitabu vya MTUHA, na jumla zake za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mizizi ya mfumo huo imo Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, na uratibu wake umo mikononi mwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa Tanzania Bara nzima, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Waandishi wa DHIS2 huitoa kazi yao kwa leseni ya BSD, ambayo ni fupi na ya upole. Lakini DHIS2 haisimami peke yake. Ndani yake mna Spring, mkusanyiko wa vipande vya lugha ya Java unaotolewa kwa leseni ya Apache. Mna pia Hibernate, kipande kinachounganisha programu na hifadhi ya kumbukumbu, ambacho kwa miaka mingi kilitolewa kwa leseni ya LGPL. Kumbukumbu zenyewe hukaa katika programu ya PostgreSQL, yenye leseni yake yenyewe, na mambo ya ramani hushughulikiwa na PostGIS, ambayo iko chini ya leseni ya GPL. Chini ya vyote hivyo, kwa kawaida, pana Linux, nayo ni ya GPL. Basi hesabu ya watoto waliochanjwa Mpanda hupita katika milki ya leseni tano kabla haijamfikia mtakwimu.

Kwa nini leseni hizo tano hazigombani, hali kijana aliyefungasha programu ndogo yenye vipande vitatu aweza kujikuta amevunja sheria? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuanza na hakimiliki.

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, huzihesabu programu za kompyuta katika fungu moja na vitabu na maandishi mengine. Mtunzi hupata haki kwa kule kuitunga tu kazi yake. Haimpasi kuiandikisha kwanza, ijapokuwa kuiandikisha kwaweza kumsaidia siku atakapotakiwa kuthibitisha. Haki hizo ni za kunakili, za kusambaza, na za kuigeuza kazi iwe katika sura nyingine. Tena Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo kazi ya mwandishi wa Norway au wa Brazili hulindwa hapa kwetu kama ilindwavyo kazi ya mwandishi wa Mpanda, na ya Mpanda hulindwa huko kwao.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Msimbo uliowekwa hadharani katika intaneti bila neno lolote kuhusu leseni haukuachiliwa. Kwa sheria, mwenyewe hajatoa ruhusa yoyote, na atakayeunakili katika programu ya kuuza atakuwa amechukua mali ya mtu. Uchi huo wa maneno ni hatari kuliko leseni kali, kwa kuwa leseni kali angalau hukueleza utende nini.

Leseni, basi, ni ruhusa yenye masharti. Mwenye haki anasema: "Nakuruhusu kutenda yale ambayo sheria ingekukataza, ilimradi utimize haya." Asiyetimiza masharti hubaki bila ruhusa, na asiye na ruhusa hurudi chini ya sheria ya hakimiliki kama alivyokuwa mwanzo.

Leseni za upole na leseni za kurithishana

Fungu la kwanza ni leseni ambazo hudai kidogo. Leseni ya BSD ilitokana na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ile ya MIT inafanana nayo. Ya Apache, katika toleo lake la 2.0 la mwaka 2004, ni ndefu zaidi na huongeza maneno juu ya hataza za uvumbuzi. Zote zinakubali kipande kitiwe katika programu ya kuuzwa ambayo msimbo wake umefichwa. Zinalotaka ni kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yasiondolewe, bali yaandamane na kipande kila kiendako. Sharti hili ni jepesi mno, na kwa wepesi wake ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote.

Sharti jepesi nalo laweza kulemea likirudiwa. Leseni ya BSD ya zamani ilitaka kila tangazo la biashara lililotaja sifa za programu limtaje pia mwandishi wa kipande. Watu walipoiga leseni hiyo, kila mmoja aliweka jina lake mahali pa jina la chuo. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, aliwahi kuhesabu sentensi 75 za namna hiyo katika mfumo wa NetBSD wa mwaka 1997, na kila moja ilidai nafasi yake katika tangazo. Mwaka 1999 chuo hicho kililifuta sharti hilo kwa upande wake.

Fungu la pili ndilo lenye mjadala. Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo toleo lake la 2 ni la mwaka 1991 na la 3 ni la mwaka 2007. Leseni hii humruhusu mtu kutumia, kunakili, kubadili na hata kuuza, lakini anayeikabidhi kazi hiyo kwa mwingine, au kazi iliyojengwa juu yake, hana budi kumpa huyo mwingine uhuru uleule alioupata yeye, pamoja na msimbo chanzo. Msimbo chanzo ni maandishi ya programu jinsi binadamu alivyoyaandika, kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Ni kama mtu aliyepewa mbegu kwa ahadi kwamba atakayepewa mazao yake apewe na mbegu pia.

Hapa yafaa tusahihishe dhana mbili zilizoenea. Ya kwanza ni kwamba GPL hukataza kuuza. Haikatazi; huweza kuuza kwa bei uipendayo, ila mnunuzi naye ataweza kuigawa. Ya pili ni kwamba GPL hukulazimisha kuutangaza msimbo wako duniani kote. Haikulazimishi. Wajibu huanza pale unapokabidhi, na huanza kwa yule unayemkabidhi. Ofisi inayobadili programu ya GPL na kuitumia ndani kwa ndani haidaiwi kitu.

Leseni ya LGPL ni ndugu mpole wa GPL. Yenyewe huruhusu kipande kitumiwe na programu iliyofichwa, kwa sharti kwamba mtumiaji aweze kukitoa kipande hicho na kuweka mahali pake toleo alilolirekebisha, na marekebisho ya kipande chenyewe yabaki wazi. Leseni ya AGPL, kwa upande mwingine, ni kali zaidi. Toleo lake la 3, la mwaka 2007, liliziba mwanya uliokuwa umebaki: siku hizi mtu hatumii tena programu kwa kukabidhiwa, bali huifikia kwa mtandao ikiwa kwenye seva ya mbali. AGPL inasema kwamba anayeibadili programu na kuiendesha kwa mtandao ampe mtumiaji wa mbali nafasi ya kupata msimbo chanzo. Leseni hiyo si jambo la kigeni kwetu. OpenLMIS, programu ya kuagiza na kufuatilia dawa ambayo mfumo wa eLMIS wa Tanzania ulijengwa juu yake, hutolewa kwa AGPL.

Pipa na kreti

Tumefika kwenye kiini cha suala. Ikiwa kipande kimoja kina leseni ya kurithishana, je, kinawavuta jirani zake wote waliofungashwa pamoja nacho? Wafugaji nyuki wa Katavi wataelewa jibu upesi. Asali ya wafugaji kumi ikimiminwa katika pipa moja, haiwezekani tena kuitenga. Ikiwa mmoja wao ameweka sharti juu ya asali yake, pipa zima linalibeba sharti hilo. Lakini chupa kumi za wafugaji kumi zikipangwa katika kreti moja, kila chupa ina lebo yake, na sharti la mmoja halivuki kioo.

Leseni ya GPL yenyewe yakubali tofauti hiyo. Inasema kwamba kuweka programu mbalimbali katika chombo kimoja cha kuhifadhia hakuzifanyi kuwa kazi moja. Kwa hiyo kufungasha, peke yake, si kuchanganya. Kinachotazamwa ni jinsi vipande vinavyofanya kazi pamoja. Programu mbili ambazo kila moja huanzishwa peke yake na huzungumza kwa kutumiana maswali na majibu kwa kawaida huhesabiwa kuwa chupa mbili. Vipande viwili vilivyofungamanishwa katika programu moja inayokwenda, vikiitana moja kwa moja na kushirikiana kumbukumbu ya mashine, waandishi wa GPL wanavihesabu kuwa pipa moja. Kati ya ncha hizo mbili pana eneo ambalo wanasheria hawajaafikiana, na mahakama hazijalimaliza. Mwalimu asiwadanganye wanafunzi kwamba mpaka umechorwa kwa rula.

Sasa twaweza kurudi kwenye DHIS2. Spring huingia pipani, lakini leseni ya Apache hairithishi chochote ila matangazo yake. Hibernate nayo imo pipani, lakini LGPL inaridhika ikiwa kipande chaweza kubadilishwa. PostgreSQL na PostGIS ni chupa nyingine, kwa maana DHIS2 huziuliza maswali na kungoja majibu. Na kuhusu Linux, Linus Torvalds ameandika mwanzoni mwa leseni yake kwamba programu za kawaida zinazotumia huduma za mfumo huo hazihesabiwi kuwa zimetokana nao. Ndiyo sababu leseni tano zakaa nyumba moja kwa amani. Amani hiyo haikutokea yenyewe. Kuna watu walioitazama kila leseni kabla ya kukiingiza kipande.

Flashi ya kijana wa Mpanda

Tuchukulie sasa kwamba kijana mmoja wa Mpanda, mhitimu wa kidato cha 6, ameandika kwa lugha ya Java programu ya kutunza hesabu za chama cha wafugaji nyuki: nani ameleta ndoo ngapi, zina uzito gani, amelipwa kiasi gani na anadai kiasi gani. Programu huchapa stakabadhi, na huonyesha kwenye ramani mahali ilipo mizinga. Anataka kukiuzia chama hicho, na baadaye vyama vingine vya Nsimbo na Mpimbwe, bila kuutoa msimbo wake, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Kijana na chama ni wa mfano tu, lakini vipande tutakavyovitaja vipo kweli. Ameviweka vyote katika flashi moja.

Kumbukumbu zinahifadhiwa na SQLite. Hapa hana shida, kwa sababu waandishi wake wameiachilia iwe mali ya umma, jambo lisilo la kawaida. Ramani inaonyeshwa na Leaflet, kazi iliyoanzishwa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Ni ya leseni ya BSD, kwa hiyo yatosha maneno ya leseni yawemo.

Ili programu ya Java iende, kompyuta ya chama yahitaji mashine ya Java, na kijana amefungasha OpenJDK. Akisoma leseni yake anashtuka: ni GPL toleo la 2. Je, riziki yake imekwisha? La. Waliotoa OpenJDK waliongeza ruhusa maalumu, iitwayo ruhusa ya Classpath, inayosema kwamba programu iliyounganishwa na maktaba hizo yaweza kubaki chini ya masharti ya mwandishi wake. Bila ruhusa hiyo, sehemu kubwa ya programu za biashara zilizoandikwa kwa Java zisingeweza kufungashwa namna hii. Hata hivyo ruhusa hiyo haifuti wajibu kuhusu OpenJDK yenyewe: anayeigawa lazima ahakikishe kwamba mpokeaji aweza kuupata msimbo chanzo wake. Wengi husoma neno "ruhusa maalumu" na kuishia hapo.

Katika flashi hiyo kijana ameweka pia LibreOffice, ili katibu wa chama aweze kufungua majedwali. Hii ni chupa ndani ya kreti, nayo haigusi programu yake kabisa.

Mtego umo kwenye stakabadhi. Kwa kuzichapa, kijana ametumia iText, kipande maarufu cha kutengeneza faili za PDF, alichokiona katika mafunzo ya zamani yaliyosema kwamba ni cha LGPL. Mafunzo hayo yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Lakini kuanzia toleo la 5, la Desemba 2009, iText hutolewa kwa AGPL, na yeye amechukua toleo jipya. Kipande hicho kimo pipani, kimefungamana na programu yake. Akikikabidhi chama flashi ile kama ilivyo, huku ameuficha msimbo wake, atakuwa amevunja leseni, haidhuru ameuza nakala moja tu katika kijiji kimoja.

Njia alizonazo ni tatu. Aweza kuitoa programu yake yote kwa AGPL na kukikabidhi chama msimbo chanzo. Aweza kununua leseni ya biashara, maana wenye iText huuza leseni ya pili kwa wasiotaka masharti ya kwanza. Au aweza kukitoa kipande hicho na kuweka PDFBox, kinachofanya kazi iliyo karibu na hiyo na ambacho kiko chini ya leseni ya Apache. Kwa kijana mwenye mtaji mdogo njia ya tatu ndiyo nyepesi, ikiwa ameligundua jambo hili kabla hajaandika kurasa elfu za msimbo zinazoitegemea iText.

Lakini njia ya kwanza isipuuzwe haraka hivyo. Tuitazame kwa macho ya katibu wa chama. Ikiwa kijana atahamia Dar es Salaam, au ataugua, nani atairekebisha programu siku bei ya asali itakapoanza kukokotolewa kwa namna mpya? Chama chenye msimbo chanzo mkononi chaweza kumwita fundi mwingine. Chama kisicho nao kimefungwa kwa mtu mmoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, chama kinachonunua programu kingefaa kulidai hilo katika mkataba, hata pale ambapo hakuna leseni inayomlazimisha muuzaji.

Kuna vipande pia visivyoweza kukaa pipa moja kabisa. Kipande kilichotolewa kwa GPL toleo la 2 peke yake na kipande cha Apache 2.0 huonwa na waandishi wa GPL kuwa haviafikiani, kwa sababu cha pili kina masharti ambayo cha kwanza hakiruhusu yaongezwe. GPL toleo la 3 iliandikwa ili kuondoa ugomvi huo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza "Ni GPL?", lazima kuuliza ni toleo gani, na kama maneno "au toleo lolote la baadaye" yamo.

Mahakama zilivyosema

Wapo wanaodhani kwamba leseni za kitu cha bure haziwezi kudaiwa mahakamani. Kesi iliyolimaliza jambo hili nchini Marekani ilihusu kitu cha mchezo, yaani treni ndogo za mfano ambazo watu huziendesha nyumbani. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa California, aliongoza mradi wa programu huria ya kuziendesha treni hizo. Mtu mwenye kampuni ya programu za aina hiyohiyo alichukua faili za mradi na kuzitia katika bidhaa yake, bila majina ya waandishi, bila tangazo la hakimiliki, na bila maelezo ya mabadiliko aliyoyafanya. Mahakama ya chini iliona kwamba kosa hilo, kama lipo, ni la mkataba tu. Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufani ilisema vingine: masharti ya leseni ni masharti kweli, na asiyeyatimiza aweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Ilieleza pia kwamba mwandishi asiyedai fedha bado ana faida anayoitafuta, kama jina lake kujulikana na kazi yake kuboreshwa na wengine. Kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 2010. Hukumu ya Marekani haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake yaeleweka popote penye sheria ya hakimiliki.

Mfano mwingine unahusu mnyororo wa wauzaji. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba kifaa cha kurushia mtandao cha Linksys, kampuni ambayo Cisco ilikuwa ndiyo kwanza imeinunua, kilikuwa na Linux ndani yake bila msimbo chanzo kutolewa. Programu hiyo ilikuwa imetoka kwa watengenezaji wa vipuri, waliotangulia katika mnyororo. Baada ya malalamiko msimbo ulitolewa, na kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, unaotumika hadi leo katika vifaa vya aina nyingi. Aliyekuja mwisho katika mnyororo ndiye aliyeulizwa, ingawa kosa lilianza mbali naye.

Tafsiri, majina na ramani

Faida ya masharti haya tumewahi kuiona kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi yenye menyu na maelezo kwa Kiswahili. OpenOffice ilikuwa chini ya LGPL. Watafsiri hawakulazimika kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama soko la Waswahili linatosha. Ruhusa ya kuigeuza na kuisambaza ilikuwa imekwisha kutolewa.

Ruhusa ya kunakili, hata hivyo, si ruhusa ya kutumia jina. Jina na nembo hulindwa kwa sheria ya alama za biashara, ambayo ni sheria nyingine. Wasambazaji wa Debian walipotofautiana na wenye Firefox kuhusu nembo na marekebisho, waliendelea kuigawa programu ileile kwa jina la Iceweasel, kuanzia mwaka 2006 hadi 2016.

Ramani nayo ina leseni yake, mbali na programu inayoionyesha. Kijana wetu amechukua barabara na vijiji vya Katavi kutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2012 takwimu zake hutolewa kwa leseni ya ODbL. Anayeonyesha ramani hana budi kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap mahali panapoonekana, na anayeziboresha takwimu zenyewe na kuzitoa hadharani atazitoa kwa leseni hiyohiyo. Picha za nyuki alizozipamba kwenye ukurasa wa kwanza azitazame pia, maana picha nyingi za intaneti huruhusiwa kwa matumizi yasiyo ya biashara tu, na sharti hilo halipatani na programu inayouzwa.

Namna ya kukabidhi

Kazi ya kutimiza masharti, ikianzwa mapema, ni ndogo. Siku kipande kinapoingizwa, mwandishi aandike katika daftari au faili moja jina lake, toleo lake, mahali kilipotoka na leseni yake, kisha ahifadhi nakala ya leseni yenyewe. Orodha hiyo ikitafutwa mwishoni ni kazi ya majuma, kwa kuwa kipande kimoja huja na wenzake kumi ambao mwandishi hakuwaita. Ndani ya flashi kuwe na folda ya leseni, na katika programu kuwe na ukurasa wa kuwataja wenye vipande. Shuleni, zoezi zuri kwa wanafunzi wa kompyuta ni kuchagua programu moja wanayoitumia, kuufungua ukurasa huo, na kupanga kila kipande kuwa cha pipani au cha kreti.

Kuhusu msimbo chanzo, GPL toleo la 2 hutoa njia mbili zinazomhusu muuzaji. Ya kwanza ni kuuambatanisha msimbo na programu. Ya pili ni kutoa ahadi ya maandishi, itakayodumu angalau miaka 3, kwamba atakayeuomba atapewa kwa gharama ya kuunakili tu. Njia ya pili huonekana rahisi siku ya kuuza, lakini humfunga muuzaji kutunza kila toleo alilogawa, na kumjibu mtu yeyote atakayekuja na ahadi ile mkononi. Toleo la 3 huruhusu pia msimbo utolewe kwa mtandao. Katika vijiji ambavyo mtandao hukatika mara kwa mara, njia ya kwanza ndiyo inayofaa: msimbo chanzo wa OpenJDK na wa kila kipande cha GPL uwekwe katika flashi ileile, kwenye folda yake, na katibu wa chama atie sahihi kwamba amevipokea vyote viwili.